Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vijana Wetu na Michezo ya Theluji

Ndugu wanachama, assalamu alaikum na hamjambo.

Tukijitambulisha popote kuwa chama cha michezo ya theluji tunaulizwa: theluji Mombasa mtaitoa wapi? Basi wajibuni hivi. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya kwenye skii (kuteleza juu ya theluji) katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, hapo tu ukishapita Mtwapa. Alipelekwa Austria akiwa mdogo, na huko ndiko alikofunzwa. Philip Boit naye, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano 1998, alikuwa mkimbiaji. Nike ndio waliomgharimia mazoezi Finland. Kila mmoja alifunguliwa mlango na mtu. Watoto wa Likoni na Kisauni hawajapungukiwa miguu, wamepungukiwa viatu, mwalimu na nauli.

Mazoezi ya viatu vya magurudumu yameendelea kwenye bustani ya Mama Ngina ufukweni, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali na wauza mihogo hawajapanga meza. Magurudumu si mchezo wa kujifariji: hata wanaoshindana Ulaya huyatumia theluji ikiyeyuka.

Mahudhurio yametufunza jambo. Wa Likoni huja wengi kwa sababu feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu, na wakishuka ni hatua chache tu. Wa Kisauni wanahitaji matatu, kwenda na kurudi, na mwisho wa mwezi huwaoni. Kamati imeamua viatu ndivyo vivuke Daraja la Nyali kuwafuata huko Kisauni, si watoto. Wasichana nao wameongezeka tangu tupate mkufunzi wa kike. Mama zao walikuwa wakingoja hilo, ingawa hakuna aliyetwambia.

Adui wetu mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari hula beringi mpaka gurudumu linalia kama mlango mbovu. Fundi wetu huzifungua, akazilaza kwenye mafuta ya taa, akazifuta na kuzipaka mafuta ya cherehani. Glavu nene za theluji tunazipata kwenye mitumba ya Kongowea kwa bei ya kutupa (nani azivae pale?) na zimeokoa viganja vingi. Helmeti lakini tunanunua mpya, kwa sababu ya mtumba huwezi kujua ilishapigwa wapi.

Viatu vya msaada kutoka ng'ambo vilikwama kwenye makaratasi hadi gharama za kuhifadhi zikakaribia bei yake. Safari ijayo tuombe fedha, si mzigo.

Najua baadhi yenu mnataka tuwapeleke vijana wawili hodari Afriski, kituo cha skii huko Lesotho, wakaguse theluji yenyewe. Mimi napinga, kwa sasa. Fedha hizo zitawapeleka wengi zaidi Nairobi, kwenye uwanja wa barafu wa Hoteli ya Panari walikokulia Ice Lions, timu ya Kenya ya hoki ya barafu. Nauli ya treni ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi, daraja la kawaida, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, kwenda tu, na bado inabebeka. Lipigiwe kura.

Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Wenye madeni ya ada wamwone kabla ya kura hiyo. Katiba yetu haimruhusu mdaiwa kunyoosha mkono, hata akiwa mjumbe wa kamati.