Watu wa Periyar na Noyyal nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala mliyoichapa juu ya biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, iliyoeleza kwamba Wagiriki na Warumi ndio "walioifungua" India kwa biashara. Neno hilo limenisumbua sana, kwa sababu hufunguliwa kilichofungwa, na mabonde ya mito ya kusini mwa India hayakuwa yamefungwa.

Chukua pilipili manga. Ilitoka kwenye milima iliyo nyuma ya pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India, ikateremshwa hadi bandari ya Muziris, karibu na mlango wa mto Periyar. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unasema bandari hiyo ilijaa meli, na washairi wa kale wa Kitamili wanasimulia jinsi meli za Yavana, yaani wageni wa magharibi, zilivyokuja na dhahabu na kuondoka na pilipili, zikiutibua mto hadi ukatoa povu jeupe. Zilitoka Misri mwezi Julai zikisukumwa na kusi na kurejea kwa kaskazi, pepo ambazo mabaharia wa India na Arabuni walikwisha kuzizoea kabla ya Mgiriki Hippalus, ambaye vitabu vingi bado vinamsifu kuwa ndiye mgunduzi wake.

Huko Berenike, bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, wanaakiolojia walifukua katika hekalu mtungi wenye zaidi ya kilo 7 za pilipili manga, na mtungi wenyewe ulifinyangwa India. Kila ninapoufikiria mtungi huo nawaona waliochuma vichala vile, walioanika punje juani mpaka zikasinyaa na kuwa nyeusi, na mfinyanzi ambaye kazi ya mikono yake ilivuka bahari nzima bila kuvunjika. Mwandishi wa Kirumi Plinius alilalamika kwamba India ilikuwa ikiikausha dola yao sesterti (sarafu za Kirumi) zisizopungua milioni 50 kila mwaka, akastaajabu kwamba pilipili, inayojiotea tu kwao, hupimwa Roma kwa mizani kama dhahabu na fedha. Hayo ni maneno ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji ndiye mwenye nguvu.

Makala yenu haikugusa kabisa bonde la mto Noyyal, katika jimbo la leo la Tamil Nadu, na hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi. Hapo Kodumanal, mahali palipokuwa kwenye njia ya nchi kavu iliyounganisha pwani ya magharibi na ya mashariki, palikuwa na mafundi waliofua chuma na kuchonga shanga za akiki, bilauri na zabarajadi. Zimefukuliwa shanga zilizokamilika, nyingine zikiwa bado hazijatobolewa, pamoja na mamia ya vigae vya vyungu vilivyochorwa majina ya watu kwa hati ya kale ya Kitamili. Watu hawa, basi, walijua kuandika, nasi tunaweza kuyasoma majina yao leo. Katika eneo hilo hilo la Coimbatore zimeokotwa akiba nyingi za sarafu za fedha za Augusto na Tiberio, wafalme wakuu wa Roma, na sarafu hizo hazikufika huko kama zawadi.

Siwapunguzii Wagiriki na Warumi ujasiri wao wa kuvuka bahari. Ninachoomba, Mhariri, ni kwamba makala ijayo kuhusu jambo hili ianzie mlimani na mtoni, kwa wachumaji, wapiga kasia na mafundi wa shanga, ndipo ifike kwa meli iliyotia nanga ikiwasubiri.

Wako,
Mwalimu wa historia