Kwanini naulizwa ugonjwa wangu dirishani?

Mhariri, salamu na pole na kazi.

Naandika kuhusu kupima magonjwa ya zinaa. Najua ukishayataja hayo maneno mtu anakunja gazeti haraka jirani yake kwenye daladala asione anasoma nini, lakini naomba uniwekee barua yangu maana hili jambo limenikaa rohoni tangu mwaka jana.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo huku Tabata, na kama kuna mahali mwanamke anafunguka basi ni akiwa ameinamisha kichwa anasukwa, masaa manne hana pa kwenda. Mengi nayaskia humo. Na nimegundua kitu, wanawake wa Dar hakuna anayeugua gono, yaani kisonono, wala klamidia, wote tuna UTI, ile ya njia ya mkojo. Mtu anawashwa, UTI. Anatokwa na uchafu wenye harufu, UTI. Mume karudi safari, wiki mbili baadae mkojo unachoma, UTI, tena UTI sugu. Ni jina la heshima hilo, unaweza ukalitamka mbele ya mama mkwe na akakushauri unywe maji mengi. Sisemi UTI haipo, ipo sana tu, ila shoga yangu ukishameza dawa mara nne kwa mwaka kwa UTI ileile na hakuna siku umewekwa chumbani ukaulizwa habari za mwenza wako, hapo kuna kitu unajificha.

Mimi mwenyewe nilijificha. Nilianzia duka la dawa kama wote. Kijana wa pale hata hakunisumbua, aliniuliza tu "dada ni zile za chini?" nikaitikia kwa kichwa, akanikatia vidonge vya antibayotiki, sipro, doksi na flajili, akatia kwenye bahasha ya kaki, nikalipa nikaondoka. Wiki tatu nikatulia, ikarudi. Nikaenda tena. Mhariri watu wanadhani tunakimbilia duka la dawa kwa sababu ya uvivu au ubahili, mi nakwambia nilichokipenda pale ni kwamba hakuna aliyeniuliza jina. Baadae ndio nikaja kuelezwa kwamba hiyo sipro gono ya siku hizi imeshaizoea, kama ilivyozoea penisilini na hata dawa za kundi la doksi, ndio maana hospitali sasa wanachoma sindano ya seftriaksoni. Kwahiyo mtu anameza wee, dalili zinapungua kidogo, ugonjwa upo palepale na anaendelea kugawa.

Ikanibidi niende kituo cha afya. Jina la kituo naliacha, sina ugomvi nao na manesi wa pale wanafanya kazi hadi huruma. Nikafika dirishani. Dada wa mapokezi bila kuniangalia, "unasumbuliwa na nini?" Nyuma yangu kwenye foleni kuna kijana wa bodaboda ananipumulia shingoni, kuna bibi na mjukuu, na kuna mama wa mtaa wa pili ambaye ni mteja wangu. Nikasema tumbo.

Hilo neno tumbo ndio lilinimaliza. Nikapelekwa foleni ya wote, nikaingia kwa dokta nikakuta chumba kimoja meza mbili, madokta wawili na wagonjwa wawili na mlango uko wazi, kwahiyo na kwa dokta nako nikaendelea kuumwa tumbo. Nikapimwa mkojo na damu. Majibu, "una tifodi kidogo na UTI". Ile tifodi kidogo kila mtu mjini hapa ashawahi kuwa nayo. Nikachomwa sindano siku tano za kitu ambacho hakikuwa kinaniumiza.

Mara ya pili nikajisemea liwalo na liwe, nasema ukweli. Nikainama kwenye kale katundu ka dirisha nikanong'ona, naambiwa "ongea kwa sauti dada siskii!" Nikaongea kwa sauti. Basi nikalipa kwa kontroo namba, nikatolewa damu, nikaenda kukaa benchi. Baada ya nusu saa akatoka kijana wa maabara na karatasi mkononi, "wa kaswende na VVU nani hapa?" Nikajifanya nachati. Akarudia. Mara ya tatu akaita jina langu, majina yote matatu kama kwenye mtihani wa darasa la saba.

Jioni yake tu mteja mmoja ananiambia pole nimeskia hali sio nzuri. Ndani ya wiki mbili viti vikapungua watu. Mmoja akaja kushonea wivingi, kabla sijaanza akaniuliza ile sindano yangu ya kushonea mi naitumia kwa kila mtu au kila mtu na yake. Nilimjibu kwa adabu kwasababu ni biashara, lakini usiku sikulala. Na majibu yangu yalikuwa safi! Kaswende hamna, VVU hamna. Ila mtaani hakuna anayeuliza majibu, kule kupima kwenyewe ndio kesi, ukionekana kwenye lile benchi hukumu imeshatoka.

Kibaya zaidi kile kilichonipeleka hakikutibiwa, maana baada ya kuitwa vile nilichukua karatasi yangu nikaondoka, kumuona tena dokta sikuweza.

Kilichokuja kuniokoa ni nauli. Jumatatu moja nikapanda magari mawili hadi Mbagala ambako hakuna anayenijua hata kwa sura. Huko nako ni kituo cha kawaida tu cha serikali, dari limetoka madoa ya maji, feni haizunguki. Ila pale mlangoni unapewa kadi ya namba. Ninachoulizwa dirishani ni umri, ninapoishi na kama nimewahi kufika, basi, yanayokusumbua utamwambia aliyeko ndani. Nikaitwa "kumi na saba". Mlango ukafungwa. Nesi mtu mzima, akaniambia mwanangu humu ndani tupo wawili na Mungu, sema. Yani nililia kabla sijasema.

Huyo mama ndio alinifundisha mambo ambayo kwa umri wangu wa miaka 36 na watoto wawili nilikuwa siyajui. Kwamba vituo vingi vidogo havina kipimo cha klamidia, kwahiyo wanatibu kwa kufuata dalili, ukija na dalili zangu wanakupa dawa za gono na klamidia kwa pamoja. Hiyo inasaidia mwenye dalili. Shida ni kwamba wanawake wengi wenye klamidia hawaskii chochote, na wakati huo inapanda taratibu hadi kwenye mirija ya uzazi, siku mtu anatafuta mtoto hapati au mimba inatunga nje ndio anaanza kuzunguka kwa waganga. Na waganga wenyewe si wapo, angalia nguzo yoyote ya umeme mjini hapa, bango moja mtu anatibu gono, kaswende, nguvu za kiume na anarudisha mpenzi aliyekimbia. Namba ya simu hii hapa, siri yako itatunzwa. Wanajua wanachouza.

Akaniambia pia ile VVU niliyopima nirudie baada ya miezi mitatu tangu siku ya wasiwasi, maana damu inachelewa kuonyesha. Na akanionya nisije nikajipima na kile kipimo cha mate nikajiona nimemaliza kila kitu. Hili wengi tunakosea. Tangu sheria ibadilishwe mwaka 2019 kujipima VVU mwenyewe kunaruhusiwa, na umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi ukashuka kutoka miaka 18 hadi 15, ni jambo zuri sana, ila kile kijiti kinaangalia VVU peke yake. Kaswende hakioni, gono hakioni. Na kikionyesha unao, hayo sio majibu ya mwisho, lazima ukahakikishe kituoni. Halafu kingine, kama mtu amebakwa au kondomu imepasuka na ana wasiwasi na VVU, kuna dawa za kuzuia ila mwisho ni masaa 72, ukikaa ndani siku nne unaogopa dirisha umeshachelewa.

Mwisho akanipa kikaratasi cha kumpelekea mwenza. Hakikuandikwa ugonjwa, ni namba tu na maelekezo aende kituo chochote. Habari za mume wangu na kile kikaratasi ni barua nyingine Mhariri, sio leo. Itoshe kusema alienda.

Sasa nilipopona nikaanza kuulizia, hivi yule kijana wa maabara alikuwa na haki ya kuniita vile? Mteja wangu mmoja anasomea sheria akanieleza. Kumbe ipo Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 na inasema majibu ya VVU ni siri ya aliyepima, wanaoweza kupewa wengine wametajwa wachache. Ila hiyo ni ya VVU. Kwa kaswende na gono tunabaki na maadili ya kazi ya daktari na nesi, na sasa hivi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeanza kutumika mwaka 2023 na inahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni taarifa nyeti. Karatasi zipo basi. Mi naona zimekaa huko juu, hazijashuka hadi kwenye benchi la kituo cha kata.

Kila Desemba mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, tunahimizwa tujitokeze kupima. Nakumbuka mwaka 2007 Rais Kikwete na mama Salma walipima VVU hadharani hapahapa Dar kuanzisha ile kampeni ya taifa, watu walihamasika kweli, hata mama yangu alienda. Lakini Rais alichagua mwenyewe kupima mbele ya kamera. Mimi nilimnong'oneza dada wa dirishani mambo yangu, wao ndio wakanichagulia kamera.

Na tusidhani ni jambo la watu wachache wenye tabia mbaya. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 maambukizi mapya ya haya manne yanayotibika, yaani kisonono, klamidia, kaswende na trikomona, yalikuwa milioni 374 duniani kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Huo ni mwaka mmoja. Humo kuna wake za watu waliotulia nyumbani, kuna wajawazito. Tena wajawazito nao wana lao, wanapimwa kaswende na VVU wakienda kliniki, ni jambo jema kwasababu kaswende inaua mtoto tumboni na inatibika kwa penisilini, ila wateja wangu wananisimulia ukienda bila mume unarudishwa, na kama mwanaume kakimbia unaambiwa ukachukue barua serikali ya mtaa. Yani msichana wa watu anaenda kumweleza mwenyekiti wa mtaa kwamba aliyempa mimba hayupo ili aruhusiwe kupimwa. Halafu tunashangaa wanaanza kliniki mimba ina miezi sita.

Watu wa afya watanijibu manesi ni wachache na majengo ni madogo. Nakubali, nimeona kwa macho yangu. Lakini kadi za namba ni maboksi yaliyokatwa na kuandikwa kwa makapeni, Mbagala nimeziona na hazikuwa hata za kuchapwa. Kule benki unachukua namba ndio uitwe, kwa hela zako elfu hamsini unatunziwa heshima, kwa damu yako unaitwa majina matatu. Lile swali la unaumwa nini litolewe dirishani lipelekwe chumbani, hilo halihitaji bajeti. Chumba chenye meza mbili kitiwe hata pazia. Na majibu ya maabara aende nayo mtu kwa dokta yakiwa yamekunjwa, yasisomwe mlangoni. Waganga wafawidhi, yaani madokta wakuu wa vituo vya jiji hili, nawaomba siku moja wakae wenyewe kwenye benchi la maabara kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi bila kujitambulisha, waskilize tu.

Jina langu na namba yangu nimekuandikia pembeni Mhariri ila naomba usivichape. Yule mama wa mtaa wa pili amerudi kusuka kwangu, Ijumaa hii anakuja saa nne, na juzi ameniambia ana UTI.

Msusi,
Tabata, Dar es Salaam