Wamenichangia nikamdai mjusi wa Tendaguru, mimi naenda kusomea uandishi. Nifanyeje?

Ndugu mhariri, shikamoo. Na ninyi wasomaji wenzangu nawasalimu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni binti wa Lindi. Nimehitimu ualimu wa Kiswahili na Kiingereza, ajira bado sijapata, kwa hiyo nafundisha kwa kujitolea katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Jioni naandika hadithi. Nina jambo limenikaa kifuani na nyumbani siwezi kulisema lote, maana kila ninayemwambia tayari ana upande.

Mwezi Januari nilipata habari kwamba nimechaguliwa kwenye mafunzo ya uandishi ya wiki nne mjini Berlin, Ujerumani, mwezi Julai, ambao kwao ni kiangazi. Wamenisamehe ada na watanipa chumba. Nauli, bima, viza na chakula ni juu yangu. Kila mshiriki anatakiwa kupeleka kurasa 20 kwa Kiingereza kabla ya mwisho wa Mei, kisha asome za wenzake wote na kuziandikia maoni. Kazi yako ikijadiliwa unakaa kimya unasikiliza hadi wamalize, ndipo unapewa nafasi ya kusema. Nimeshaanza kujizoeza na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu: nawasomea ukurasa, nanyamaza, nawaacha waseme. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, na inanisaidia sana.

Kazi niliyowapelekea wakanichagua inahusu wabebaji wa Tendaguru. Kwa wasiotoka huku, Tendaguru ni kilima kilichoko bara ya Lindi, upande wa Mipingo, nako ndiko ilikochimbwa mifupa ya dinosaria, au mjusi kama tunavyomwita sisi. Wajerumani walichimba kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, wakati vidonda vya Majimaji bado vibichi. Mamia ya watu wetu walifanya kazi ile. Mifupa ilifungashwa kwa mianzi, midogo ikabebwa kichwani, mikubwa ikaning'inizwa kwenye miti na kubebwa na watu kadhaa, safari ya siku nne kwa miguu hadi bandarini Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipakiwa melini. Mjusi mmoja alisimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, kimo chake kinapita mita 13, na yuko pale mpaka leo. Wabunge wa kwetu wamelisemea bungeni suala lake zaidi ya mara moja.

Babu yake bibi mzaa mama alikuwa mmoja wa wabebaji. Bibi anasimulia kwamba hadi anakufa shingo yake ilikuwa imeinama upande mmoja, na watoto walipomuuliza alijibu, "Hapa alikaa mjusi." Hadithi yangu inaanzia hapo, kwenye ile shingo. Makumbusho yenyewe karibu hayamo.

Sasa tatizo. Nilipomwambia mjomba, nilimweleza vizuri: naenda kujifunza kuandika, na nilichoandika kinahusu wazee wetu. Mjomba kwetu ndiye mwenye neno, mnajua wenyewe ilivyo kusini. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Wiki iliyofuata akaenda kijijini kwenye hitma, na baada ya dua akasimama akawaambia watu kwamba mtoto wao anakwenda Berlin kuuliza habari ya mjusi. Basi, mchango ukaanza pale pale.

Nilipopata habari nilipanda gari nikaenda mwenyewe. Nikasimama mbele ya wazee nikaeleza kwamba naenda shule, sikutumwa na serikali, mambo ya kurudishiana mali za kale yanazungumzwa baina ya nchi na nchi, na mimi sina mamlaka hata ya kugusa kioo cha makumbusho yale. Wakanisikiliza kwa adabu sana. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango akasema: "Mjukuu wangu, hatukutumi ukagombane na mtu. Baba yangu aliwabebea mpaka Lindi. Kaulize tu kama jina lake liliandikwa."

Nilikosa la kujibu. Kuna jina moja la mtu wetu linalojulikana katika habari za Tendaguru, Boheti bin Amrani, aliyekuwa msimamizi wa wachimbaji. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja alimpa dinosaria wa huko jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Niliwaambia hivyo. Wakaitikia kwa vichwa, kisha mama mmoja akauliza, "Na wengine?"

Mjomba ananunua kila kitu kwa kukadiria, lakini mchango huu anautunza kwa kaunta buku. Ameniletea nilione. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu: MCHANGO WA SAFARI YA MJUSI. Chini yake majina. Wengi ni elfu tano, elfu mbili, wachache waliouza korosho vizuri wametoa hamsini. Kuna aliyeandikiwa "kuku jike 1 (ameuzwa)". Kuna bibi ameandikwa "korosho zilizobanguliwa, kilo 2, apelekewe mwenye makumbusho". Wengine mbele ya majina yao pameandikwa "ufuta", yaani watatoa mnada wa ufuta ukifunguliwa. Hawa si watu wenye fedha za kuchezea. Korosho za msimu uliopita ndizo zinazolisha nyumba hizo mpaka ufuta utoke.

Na fedha hizo nazihitaji kwelikweli, hapo ndipo ninapobanwa. Nauli ya kwenda na kurudi peke yake inapita milioni mbili. Ombi la viza ni euro 90, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Paspoti ninayo, nililipia Sh150,000 kwa fedha za masomo ya ziada niliyofundisha likizo. Kwa kuwa sijawahi kuomba viza, alama za vidole sharti niende mwenyewe Dar es Salaam. Maombi hayapokelewi zikiwa zimebaki chini ya siku 15 kabla ya safari, na majibu yanaweza kuchelewa mpaka siku 45. Ndiyo maana nataka kuwasilisha mapema, hasa nikikumbuka mwaka 2024 barabara ilivyokatika pale Somanga kwa mvua, tukawa huku hatutoki.

Juu ya hayo wanataka taarifa ya benki ya miezi ya karibuni na ushahidi kwamba nitarudi. Mwenye ajira anapeleka barua ya mwajiri na hati ya mshahara. Mimi wa kujitolea nina barua ya mkuu wa shule tu. Mjomba anasema aziingize fedha zote kwenye akaunti yangu kwa mkupuo ili salio lionekane nene. Rafiki yangu aliyewahi kuomba viza ananionya kwamba fedha zinazoingia ghafla ndizo zinazotiliwa shaka, bora mjomba aandike barua ya kunidhamini na aambatanishe taarifa yake mwenyewe ya benki, pamoja na risiti zake za chama cha msingi. Mimi naona rafiki anasema kweli. Lakini barua hiyo ya udhamini itasema nini? Kwamba amenidhamini kwa mafunzo ya uandishi? Ni kweli. Kwamba fedha ni zake? Si kweli, ni za kaunta buku.

Mama anasema nichukue, nisiwavunje watu moyo, nikifika nipige picha za mjusi niwaletee, watatosheka. Sikubaliani na mama katika hili. Yule mzee hakuomba picha. Mwalimu mwenzangu anasema nirudishe kila shilingi na niahirishe mpaka mwakani nikiwa na ajira. Hilo nalo naliogopa: nafasi ya kusamehewa ada ni ya mwaka huu, na bibi, ambaye ndiye kisima cha hadithi yote, umri umekwenda.

Moyo wangu ulikolalia ni hapa. Nirudi kijijini na kaunta buku, tubadilishe kichwa cha ukurasa mbele ya wote, kiandikwe mchango wa masomo, na kila mtu aulizwe upya kama bado anatoa. Atakayetaka chake arudishiwe palepale. Halafu swali la yule mzee nilichukue kama swali langu mwenyewe. Niwaandikie watu wa makumbusho kabla ya kuondoka, kwa upole, niulize kama kuna orodha za malipo au daftari za kazi zenye majina ya wachimbaji na wabebaji, na kama mtu wa kawaida anaruhusiwa kuzisoma. Jibu lolote nitakalopewa, hata la hapana, nitawasomea wazee lilivyo. Hilo naona liko ndani ya uwezo wa mwandishi, na linainufaisha hata hadithi yangu. Kumdai mjusi siwezi.

Lakini nina wasiwasi kwamba nikisimama tena kueleza, watanisikiliza kwa adabu ileile na kuniambia yaleyale. Na mjomba atajiona nimemvua nguo mbele ya watu, maana yeye ndiye aliyetangaza. Sitaki kumdhalilisha. Alinisomesha tangu kidato cha kwanza.

Kwa hiyo naomba ushauri wenu. Kwanza, je, nianze na mjomba peke yake, faragha, na nimwombe yeye ndiye abadilishe maneno kijijini, au nimtangulize bibi akaseme naye, maana ni mama yake? Pili, waliowahi kwenda Ulaya kwa michango ya ndugu, mliithibitishaje fedha hiyo ubalozini bila kusema uongo? Tatu, kwa waandishi: kurasa zangu 20 nizipeleke kama zilivyo, zikiishia bandarini Lindi meli inapoondoka, au sasa hiki kisa cha mchango nacho kiingie? Nahofia watu wa kijijini watakuwa wamenipa fedha yao na hadithi yao kwa pamoja, na hilo la pili hawakuulizwa.

Mjomba ameitisha kikao kingine mwisho wa mwezi huu. Nitashukuru nikipata majibu kabla ya hapo.

Wenu,
Mwalimu wa kujitolea,
Mtanda, Lindi