Barua kwa mwanangu: daktari akiuliza, ujibu wewe

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Hapa nyumbani sote tu wazima, alhamdulillahi, na bibi yako amenituma nikwambie kwamba kila baada ya sala ya alfajiri anakuombea dua. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa sababu ninayotaka kukwambia ni mazito, na ningependa uyasome kwa utulivu huko Malindi kabla shule haijafungwa.

Likizo ya Agosti, daktari alikuuliza kliniki unadunga yuniti ngapi za insulini, dawa yako ya kisukari, usiku. Ulinigeukia mimi, nami kwa mazoea ya miaka 9 nikajibu, "Kumi na nane." Daktari aliandika bila kusema neno, lakini kabla ya kuinamia faili alikutazama wewe kwa kitambo. Njia nzima ya kurudi nyumbani sikuwa na raha, kwa kuwa nilitambua kwamba kosa lilikuwa langu. Tangu ulipopatikana na kisukari cha aina ya kwanza ukiwa na miaka 8, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wako mbele ya madaktari. Januari utatimiza miaka 18 na kuhamia kliniki ya watu wazima, ambako ridhaa ya matibabu itakuwa yako, na mimi sitaambiwa ila lile ambalo wewe umekubali niambiwe.

Bila shaka unaukumbuka usiku ule tulipokuwa safarini, wewe ukiwa na miaka 12, ukatapika tangu magharibi, tukaingia hospitali ambayo hakuna aliyekujua. Daftari lako la kliniki nilikuwa nimelisahau nyumbani. Muuguzi wa zamu alisema kwamba kwa kuwa hukuwa umekula chochote, usidungwe insulini mpaka asubuhi. Sukari yako ilikuwa 24, juu mno. Nilisimama kwenye mlango wa wodi nikakataa kuondoka mpaka aitwe daktari, kwa sababu nilikwisha kufundishwa kwamba mwenye aina ya kwanza haachi insulini kabisa, hata anapotapika: mwili unapougua sukari hupanda, na insulini ikikosekana mwili huanza kuyeyusha mafuta yake, damu ikajaa asidi ambayo huweza kumuua mtu kwa muda wa siku chache. Daktari alikuja, akakutundikia maji na kuagiza insulini, na kulipopambazuka uliomba chai. Mwanangu, usiku wa namna hiyo unaweza kurudi ukiwa chuoni Mombasa au penginepo, na mlangoni nisiwepo mimi.

Kwa hiyo nataka ujifunze kumweleza daktari asiyekujua, kwa muda wa dakika moja tu, kwamba una kisukari cha aina gani na tangu lini, unatumia insulini zipi mbili, yuniti ngapi na saa ngapi, kipimo chako cha mwisho cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilikuwa asilimia ngapi, na mara ya mwisho ulilazwa kwa sababu gani. Yaandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha upige picha na kuihifadhi kwenye simu. Uulize pia bila kungoja kuulizwa, hasa kuhusu macho, figo na miguu, ambavyo hutakiwa kuchunguzwa kila mwaka, kwani kwenye foleni ndefu mambo ambayo hayaumi husahauliwa.

Kutunza dawa unakujua, kwa maana wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukimwagia maji mchanga wa ule mtungi mkubwa, mtungi mdogo wenye chupa ukiwa ndani yake, kila umeme ulipokatika. Nakukumbusha tu kwamba safarini chupa haiwekwi kwenye buti la basi, isigusane na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka, na iliyofunguliwa isipite siku 28.

Linalonikosesha usingizi ni kwamba wenzako wa bwenini hawajui. Sukari ikishuka chini ya 4 utatetemeka na kutoka jasho, na ikizidi kushuka hutaweza kujieleza. Mwenzako mmoja akijua kwamba vijiko 3 vya sukari kwenye maji, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena, ndiyo tiba, na kwamba ukipoteza fahamu usinyweshwe kitu bali ukimbizwe hospitali, nitalala. Hakuna aibu ndani yake. Wa kwanza kutibiwa kwa insulini, Januari 1922 huko Toronto, Kanada, alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Kabla yake watoto wenye maradhi haya walikuwa wakifa, wengi katika muda mfupi tu.

Kuhusu Ramadhani, mwaka jana ulifunga kwa siri siku mbili, nami niliona kwenye mashine yako ya kupimia sukari. Sikukugombeza, kwa sababu nilijua ni imani. Lakini Mwenyezi Mungu mwenyewe amesema katika Suratul Baqara kwamba mgonjwa atatimiza hesabu katika siku nyingine. Safari hii mwulize daktari wewe, mapema, kama unaweza kufunga na vipimo vya insulini vibadilishwe vipi, na akikukataza, ukubali. Kujitoboa kidole ili upime hakufunguzi, na sukari ikishuka mchana, unafungua palepale.

Kitambulisho chako tutakishughulikia mara tu utakapotimiza umri, pamoja na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, maana ile ya zamani, NHIF, ilikoma Oktoba 2024 na sitaki ufike dirishani urudishwe.

Siku ya kliniki mpya tutakwenda pamoja, ukitaka. Utaingia peke yako na daftari lako, nami nitakaa nje kwenye benchi. Ukitoka, utanieleza yale utakayopenda kunieleza.

Ni mimi mamako akupendaye