Kompyuta ikigoma, usikimbilie kupiga Windows

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye kompyuta majumbani, na kidogo na mafundi wenzangu, ingawa hao najua hawatanipenda. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Kariakoo, kwenye kichochoro kimojawapo cha kutokea Mtaa wa Aggrey.

Mashine nyingi zinazopigwa Windows upya hapa mjini (yaani kufuta Windows iliyopo na kuiweka nyingine) hazikuwa na shida ya kuhitaji hivyo. Mteja anafika, anasema, "Fundi, inazingua," na kabla hajaeleza inazingua vipi keshaambiwa, "Hii tunapiga Windows." Ni kazi rahisi, hela inaingia, na mashine inatoka nyepesi kweli. Usiku mwenyewe anatafuta picha za harusi ya mdogo wake, hazipo. Wengi wetu tunarundika kila kitu kwenye uso wa mbele wa kompyuta au ndani ya Documents, na kwa kawaida vyote hivyo vinakaa kwenye diski C, ambayo ndiyo inayofutwa.

Kuna kijana wa Tabata aliniletea kompyuta ya mezani. Kila tovuti aliyojaribu kufungua ilimwambia muunganisho si salama. Alikotoka walishampigia Windows, na kesho yake shida ikawa palepale. Nilimwonyesha saa iliyo pembeni chini ya kioo: ilikuwa inasoma mwaka 2012. Tovuti inakuwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 inaona vyeti vyote vya leo bado havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Saa yenyewe inapotea kwa sababu kibetri cha duara kwenye ubao wa ndani, kilichoandikwa CR2032, kimekwisha. Hicho ndicho kinachoitunzia mashine saa ukishaichomoa kwenye umeme. Hata mafundi saa wanakiuza. Mngeweza kumpigia Windows kila Jumatatu mpaka mwaka uishe.

Jambo la pili, na hili linaniuma zaidi, ni flashi. Mwanafunzi anapeleka flashi kuchapisha kazi yake, akirudi nyumbani anakuta mafolda yote yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Anabofya, hakuna kinachofunguka. Anaambiwa flashi imekufa, iformatiwe, yaani ifutwe yote. Jamani, haijafa! Kirusi kimeyaficha mafaili yako na kuweka vile vialama mahali pake, ili ukibofya ukikaribishe mwenyewe kwenye kompyuta. Kwa hiyo usibofye. Kwanza kague flashi kwa antivairasi. Windows 10 na 11 zinayo yake tayari, inaitwa Defender, hulipii kitu. Kisha fungua kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri (andika cmd pale pa kutafutia), uandike:

attrib -h -s -r E:\*.* /s /d

Hapo kwenye E weka herufi ya flashi yako, maana inaweza kuwa F au G. Bonyeza Enter, usubiri. Mafolda yakitokea, yanakili kwenye kompyuta, ndipo uiformati hiyo flashi kwa amani. Mwalimu mmoja wa Gongo la Mboto alikuwa ameshaanza kuandika upya mitihani ya muhula mzima wakati yote ilikuwa humo humo, imejificha. Mama wa watu alicheka, halafu akakasirika, na sikumlaumu.

Mengine ni madogo, lakini ndiyo yanayojaza foleni yangu. Mashine haiwaki kabisa? Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama umeme upo. Mara nyingi ekstensheni ndiyo mbovu. Kama ni mpakato, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha jaribu tena. Inawaka ila inasema haioni diski? Angalia kama hujasahau flashi imechomekwa. Inalia piii na kioo hakileti picha? Mara nyingi ni ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda kilicho ndani. Ichomoe mashine kwenye umeme, itoe ramu, sugua yale meno ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, uirudishe mpaka ikae sawasawa. Wateja wangu wa Kigamboni na wa kando ya bahari wanaijua sana kazi hii, chumvi ya kule haina huruma. Na ukiizima na kuiwasha bila mafanikio, chagua Restart badala ya Shut down. Watu hawaniamini nikisema hivi, lakini Windows za sasa mara nyingi ukizizima zinahifadhi sehemu ya hali yake ili ziwake haraka, na kasoro inahifadhiwa pamoja nayo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli.

Mashine inayojizima yenyewe baada ya kutumika muda kidogo mara nyingi ina joto. Hasa Januari na Februari, na hasa ukiiweka juu ya godoro, ambako matundu ya hewa yanazibwa. Puliza vumbi, lakini izuie feni isizunguke wakati unapuliza.

Kwa wanaonunua kompyuta za mezani za mtumba: tazama nyuma ya boksi kabla ya kuchomeka. Baadhi zina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Zilizotumika Marekani huwa zimewekwa 115. Hapa kwetu umeme ni volti 230, na ukiwasha hivyo utasikia mlio na moshi utauona. Hiyo sasa njoo nayo, hakuna ujanja wa nyumbani.

Vilevile kama diski inagonga "tak, tak, tak", zima papo hapo. Usijaribu tena na tena, maana kila unapoiwasha unapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo.

Kuna pia hii biashara ya kutisha watu kuhusu Windows 10. Ni kweli Microsoft walimaliza kuihudumia kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na kwa usalama si vizuri kukaa nayo milele. Lakini haizimiki kwa sababu hiyo. Na si kila mashine inapokea Windows 11 kwa njia rasmi. Nyingi za mtumba zina vichakataji (ule ubongo wa kompyuta) vya zamani visivyokubalika. Fundi akikwambia lazima leo, muulize mashine yako inakidhi vigezo au anailazimisha.

Mafundi wenzangu, sisemi tuache kupiga Windows, hata mimi napiga. Naomba kabla ya kufuta, tumuulize mwenye mali vitu vyake viko wapi, tumnakilie kwanza, na kwenye risiti tuandike tulichofanya badala ya neno "service" tu.

Na wewe Mhariri, kurasa zako za teknolojia zimejaa simu mpya ambazo wasomaji wengi hatuzinunui. Tupe japo robo ukurasa kwa wiki kwa mambo haya ya nyumbani.

Mteja, ukishajaribu yote hayo ikashindikana, karibu Kariakoo. Ila njoo na chaja yako.

Fundi Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam