Mbwa wetu yuko kwenye joto, na ndani hawezi kuingia

Ndugu mshauri, assalaam alaykum.

Naishi Sahare, hapa Tanga. Mume wangu anafanya kazi za zamu bandarini, na usiku mwingi tunabaki mimi na watoto. Ndiyo maana tukafuga mbwa. Ni jike, anaitwa Chui, na kwa ulinzi sina la kumlaumu. Ila sasa yuko kwenye joto, yaani anataka dume, na nje ya ua wetu pamekuwa mnadani.

Madume wanatoka mpaka ufukweni. Wanang'atana, wanabweka hadi alfajiri, wanajilaza njiani ambako watoto hupita kwenda chuoni. Kuna wengine nawatazama mate yanavyowatoka nawaza kichaa cha mbwa, maana nani kawachanja? Chui wetu kachanjwa, lakini watoto wa watu je?

Kinachoniumiza zaidi ni bibi jirani. Ni mtu mzima, kanilea tangu nihamie hapa. Juzi dume mmoja alilala juu ya jamvi lake, limelowa mvua, ikabidi alioshe mara saba, moja kwa udongo. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hawa wageni wako wanaondoka lini?" Bora angenitukana.

Kila ninayemwuliza ananiambia nimweke ndani, nimvalishe nepi. Ndugu yangu, sisi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mbwa wa ulinzi tumeruhusiwa, lakini unyevu wake ni najisi, sembuse damu inayodondoka kila anapopita. Ndani ndimo ninamosali, na nina mtoto anayetambaa. Kwa hiyo Chui analala bandani, na banda lenyewe ni la mbao. Dume mmoja keshachimba chini yake, mwingine aliruka michongoma. Kumfunga mnyororo uani ndiyo kabisa, ni kumkabidhi kwao, kwani hata kukimbia hawezi.

Nilikwenda kwa daktari wa mifugo. Alinieleza kuwa joto huchukua kama wiki 3 na hurudi kila baada ya miezi 6 au zaidi kidogo. Kumtoa kizazi inawezekana, lakini si sasa, kwa kuwa mishipa imejaa damu. Ningoje miezi 2 au 3 joto likishapita. Nikamwuliza habari za sindano ya kuzuia joto. Akasema ipo, ila inaweza kumletea usaha kwenye kizazi, na huo unaua. Nikaiacha.

Mume wangu naye ana yake. Anasema damu ikipauka basi mambo yamekwisha, wakati daktari kasema hapo ndipo jike anapokubali kupandwa. Anasema tena lazima azae mara moja kwanza ndipo atulie, na watoto tutawauza. Tuwauze kwa nani? Mbwa akipandwa na madume watatu, uzao mmoja unaweza kuwa na baba watatu, wote koko wa ufukweni! Mimba ni kama siku 63, na wa kulisha, kufagia na kuamka usiku ni mimi, yeye yuko zamu. Kizazi kutolewa anaona ni kumdhulumu mnyama. Shemeji yangu wa Muheza kajitolea kumchukua mpaka joto liishe, lakini shamba lake halina hata ua, na mimi nitabaki bila mlinzi.

Naomba nisaidiwe na wanaofuga jike bila kumwingiza ndani. Banda lenu mmelijengaje hata madume wasichimbe wala kuruka? Nikizungushia waya na kumwaga zege chini itatosha, au wanajamiiana hata kupitia wayani? Na mume nimwanzie wapi, maana akisikia neno upasuaji anavaa kofia anatoka?

Halafu bibi yangu. Nataka kumnunulia jamvi jipya, lakini naogopa ataona namlipa ili anyamaze, na madume bado wapo mlangoni. Nimpelekee sasa, au ningoje watawanyike kwanza?

Mama Chumu,
Sahare, Tanga