Jivu la mikononi lisihamie kidondani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu vidonda vya wabanguaji wa korosho, ambavyo huku Newala tumevizoea mno, hata mwanamke mwenye vidole vyeusi vilivyobambuka haulizwi kilichomsibu.

Ndani ya ganda la korosho mna mafuta makali yenye asidi, ambayo huunguza ngozi taratibu, hivyo mbanguaji hulala akijiona mzima na kesho yake, au keshokutwa, akaamka na malengelenge. Watoto wanaopasua korosho mbichi kwa meno huungua midomo.

Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana hupaka mikono jivu kabla ya kubangua ili linyonye mafuta, na katika hilo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni pale jivu lile lile linapohamia kwenye kidonda kibichi, au kinapotiwa kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno, au unga wa kidonge cha rangi mbili. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na katika kinyesi cha wanyama, na ngozi iliyochanika ndiyo njia yao ya kuingilia. Shangazi yangu alifunga kidole chake kwa kipande cha khanga chenye jivu. Siku ya tano mkono ulikuwa umevimba, mtoki umetoka kwapani, na zahanati ikabidi apasuliwe kutolewa usaha.

Mafuta yakigusa mkono, uoshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Lengelenge lisitumbuliwe, na kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, kikavu. Tunaambiwa tuangalie wekundu unaosambaa, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani upesi. Afadhali mtu apime joto la mahali penyewe kwa kiganja, aangalie uvimbe na maumivu yanayozidi. Homa na mtoki ni vya kupelekwa zahanati siku hiyo hiyo, si vya kusubiri mnada wa korosho upite, na huko aulizie pia chanjo ya pepopunda.

Wanunuzi wanaowapa akina mama kazi ya kubangua kwa kilo hawakosi kuleta mzani kila jioni. Nawaomba, pamoja na mzani huo, walete ndoo ya maji, mche wa sabuni na glavu za mpira.

Mkazi wa Newala,
Mtwara